Joginder Singh: Fundi wa Gereji Aliyejua Kufika

Kamati ya mkutano wetu iliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wapo waliodhani kwamba nitamwandika Mangi Meli, au mmoja wa wazee waliopigania Uhuru. Hao wanastahili heshima yao, nao wamekwisha kuandikwa na wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Mimi ni fundi wa magari mstaafu. Kwa hiyo nimemchagua fundi mwenzangu, Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu. Sababu ya kumchagua inahusu pia kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza bila kuficha.

Asili yake

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari, 1932, huko Kericho, katika nchi ya mashamba ya chai magharibi ya Kenya. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab akaja Afrika ya Mashariki kutafuta maisha, kama walivyofanya Masingasinga wengi wa siku zile. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono: maseremala, wahunzi, mafundi wa reli na makanika. Mzee huyo alikuwa na gereji, na Joginder, aliyekuwa kifungua mimba katika familia kubwa, alikulia katikati ya spana na harufu ya grisi.

Ni lazima vijana wakumbuke jinsi nchi zetu zilivyokuwa wakati huo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Na mishahara vilevile. Mtoto wa fundi wa Kisingasinga hakutegemewa kuwa mtu wa kutajwa magazetini. Joginder alipoacha shule aliingia gereji, akafungua na kufunga injini za watu wengine. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, akawa mtu wa doria wa kwanza wa chama hicho. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama.

Mimi naiona kazi hiyo kuwa ndiyo chuo chake kikuu. Mtu wa gerejini huletewa gari likiwa limekwisha kuvutwa, haoni lilivyoharibika. Lakini mtu wa doria hulikuta palepale lilipofia. Huona ni shimo la namna gani lililovunja springi, ni mto gani ulioingiza maji kwenye plagi, ni mteremko gani uliochemsha breki. Ukifanya hivyo kwa muda, unaanza kuijua barabara kama daktari anavyoujua ugonjwa.

Mashindano ya Safari yalivyoanza

Katika miaka ile ya baada ya vita kuu ya pili, huko Ulaya ilikuwa desturi kuufunga mji kwa siku chache na kuyafanya mabarabara yake uwanja wa mashindano. Miji kama Pau kule Ufaransa na Siracusa kule Italia iliweka vizuizi na marobota ya nyasi kando ya barabara, magari yakazunguka mzunguko uleule mara nyingi. Mengi ya mashindano hayo hayakuhesabiwa katika ubingwa wa dunia; watu walishindania zawadi na jina tu. Mashindano yakiisha, vizuizi huondolewa na barabara hurudi kuwa ya magari ya mizigo na watu wanaokwenda sokoni.

Kenya nao walikuwa na mahali pa namna hiyo, Langa Langa, karibu na Gilgil, ambapo barabara za kambi ya zamani ya jeshi ziligeuzwa kuwa uwanja wa mbio. Eric Cecil, mmoja wa wapenzi wa mbio hizo, alimtaka jamaa yake Neil Vincent ashiriki. Vincent alikataa. Kuzunguka pale pale hakukumvutia; alitaka kuingia garini mlangoni kwake, akatize Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe ndiye mshindi. Kutokana na mazungumzo hayo yakazaliwa mashindano ya mwaka 1953, yaliyoitwa Safari ya Kutawazwa, kwa kuwa Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa anatawazwa mwezi Juni mwaka huo. Magari yaliondoka Nairobi, Kampala, na hapa kwetu Tanganyika, Morogoro. Mwaka 1960 jina likabadilishwa kuwa Safari ya Afrika ya Mashariki.

Ingawa yalianza kama sherehe ya wakoloni, mashindano haya yalikuwa na mambo mawili yaliyomfaa mtu kama Joginder. Kwanza, yalifanywa katika barabara za kawaida, zile zile za mabasi na ng'ombe, karibu kilomita elfu tano, usiku na mchana. Pili, baada ya miaka ya mwanzo yalizoea kufanywa wakati wa Pasaka, na kila mtu wa Kilimanjaro anajua Pasaka maana yake ni masika. Gari lilitakiwa kufika kila kituo kwa dakika iliyopangwa, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa alama ya adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Basi mwenye mbio nyingi anayekaa saa mbili ndani ya tope hana faida juu ya mwenye mwendo wa kadiri asiyekwama. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7.

Mashindano haya nayo hayakuwa katika ubingwa wa dunia mpaka mwaka 1973. Lakini viwanda vikubwa vya Ulaya vilikuja kabla ya hapo, vikileta mafundi na madereva wao, na madereva hao wakirudi bila ushindi mkuu. Mpaka mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda. Wote walioshinda kabla yake walikuwa wakazi wa huku huku.

Pasaka ya mwaka 1965

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hakushinda mwaka huo wala miaka mitano iliyofuata. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walipata Volvo ya aina ya PV544, ile yenye mgongo wa mviringo. Haikuwa gari jipya. Kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeileta mwaka uliotangulia kwa ajili ya madereva wake, bahati haikuwa yao, gari likauzwa. Ndugu hao wawili wakalichukua na kulishughulikia wenyewe.

Hapo ndipo mimi ninapoingia katika hadithi hii. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Mwika. Katika mtaa wetu mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa na redio ya betri, na sauti ya Kenya ilifika kwetu bila taabu kwa kuwa mpaka u karibu. Baada ya ibada ya Pasaka tulikusanyika uani kwake, wakubwa kwenye viti na sisi watoto chini ya migomba, mvua ikitudondokea kutoka kwenye majani. Tulikuwa na magari yetu ya mbao yenye magurudumu ya mti, tuliyoyateremsha kwenye miinuko mpaka magoti yakachunika. Basi habari za magari zilitupanda kichwani kuliko pombe.

Joginder aliondoka akiwa na namba moja. Wasiojua watasema hiyo ni bahati tupu, kwa kuwa wa kwanza hali vumbi la mtu wala hakuti tope lililovurugwa na wenzake. Ni kweli, lakini wa kwanza pia ndiye anayeupima mto kabla ya wengine, wala hana alama za magurudumu za kumwonyesha njia. Wale ndugu wawili waliongoza na kufika wa kwanza, tena wakiwaacha waliowafuata kwa mbali. Kwa mara ya kwanza dereva asiye Mzungu alishinda Safari, na gari lenyewe lilikuwa la mkono wa pili.

Shuleni, baada ya likizo, tulibishana. Mwenzetu mmoja alisema hatuna sababu ya kufurahi, kwa sababu aliyeshinda ni Mhindi na si mtu wetu. Mwalimu wetu alisikia. Hakutukemea. Alitueleza kwamba mtu huyo alizaliwa Kericho, amekula vumbi la huku tangu utotoni, na tope alilolivuka ni hili hili linalotuchafua miguu tukija shuleni. Kisha akatuuliza ni nani kati yetu angekubali kuambiwa kwamba si mtu wa Mwika kwa sababu babu yake alihamia kutoka mahali pengine. Tulinyamaza, maana karibu kila ukoo una babu wa namna hiyo. Kenya wenyewe walilimaliza jambo hilo kwa njia yao: walimwita Simba. Na kwa miaka mingi mtu akikimbiza gari kupita kiasi, watu walimwuliza kama anajifikiri yeye ni Joginder.

Swali hilo halikuwa la kitoto. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini kuondoka. Familia ya Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda, ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makao. Naye Shekhar alishinda Safari mwaka 1973 kama dereva wa Kenya, na baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder aliishi na kuendesha katika miaka hiyo ya wasiwasi, akiwa na kilemba chake kichwani, na watu wa vijijini wakimshangilia kando ya barabara.

Kosa langu

Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea. Ninyi mliopatwa na hilo mnalijua. Wenzangu walikwenda kidato cha tano, mmoja akaja kuwa daktari, mwingine hakimu, nao wamo katika mkutano huu. Mimi nilipelekwa na baba yangu kujifunza ufundi katika gereji moja mjini Moshi. Nilijiona nimeshindwa maisha. Nilikuwa nikikutana na mwanafunzi mwenzangu mjini, naficha mikono yenye grisi mfukoni.

Mtu anayeidharau kazi yake huifanya ovyo. Wakati wa masika ya mwaka 1973 nilitumwa kupeleka gari Mwika. Asubuhi ile fundi wetu mkuu aliniagiza nikague mafuta ya breki, nikamjibu kuwa nimekwisha kukagua. Sikukagua. Nilikuwa na haraka ya kuonekana kijijini nikiendesha. Wakati wa kurudi, nikiteremka kuelekea Marangu, nilimpakia baba yangu mdogo aliyekuwa akienda Himo. Barabara ile siku hizo ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Nilikanyaga breki kwenye kona, mguu ukaenda mpaka chini. Gari liliruka mfereji na kuingia katika shamba la migomba. Migomba ndiyo iliyotuokoa. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Baba mdogo alivunjika mguu, naye alichechemea mpaka siku tulipomzika.

Hakunishitaki kwa mtu. Aliwaambia watu kwamba ni utelezi. Nami nikaliacha neno hilo lisimame, miaka yote hii. Leo naliondoa: haukuwa utelezi, bali ni kifuniko kimoja ambacho sikukifungua kutazama. Baada ya hapo nilitaka kuacha ufundi kabisa, nirudi nyumbani kulima kahawa.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1974 iliyonizuia. Fundi wetu mkuu alileta redio gerejini. Joginder alikuwa na umri wa miaka 42, na tangu aliposhinda ilikuwa imepita miaka tisa. Mwaka 1970 alimaliza wa pili kwa Datsun. Safari hii aliendesha Mitsubishi Lancer, gari dogo ambalo wengi walikuwa hawajalitilia maanani, pamoja na msoma ramani wake David Doig. Mbele yake alikuwapo Björn Waldegård wa Sweden na Porsche yenye nguvu zaidi. Mvua ilinyesha sana. Porsche iliongoza, kisha ikapata hitilafu, na ile Lancer ikapita, ikashinda. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika ubingwa wa dunia.

Fundi wetu mkuu hakushangilia. Alizima redio, akanionyesha gari lililokuwa juu ya magogo, akanieleza kwa utulivu kwamba yule Singasinga si mwepesi kuliko Mzungu; tofauti ni kwamba husikia gari likilalamika kabla halijavunjika, na kwamba usikivu huo haupatikani barabarani, hupatikana pale chini uvunguni. Kisha akanitaka nikague mafuta ya breki ya kila gari lililokuwamo uani, na kuanzia siku hiyo nikafanya hivyo kila asubuhi. Nilikaa katika kazi hiyo miaka arobaini na moja. Kuficha mikono niliacha.

Miaka yake ya mwisho

Kuanzia mwaka huo wa 1974 mashindano yalibaki ndani ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Sisi wa upande huu tulibaki kusikiliza ng'ambo ya mlima. Mwaka 1976 Joginder alishinda mara ya tatu, tena na David Doig na Lancer, na magari matatu ya kwanza yote yakawa ya Mitsubishi. Aliendelea mpaka mwaka 1980 akastaafu.

Sasa angalieni hesabu hii, vijana. Watu humkumbuka kwa ushindi wake mara tatu. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Tangu 1959 hadi 1980 aliingia Safari mara 22, na alimaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mbaya magari 7 tu ndiyo yaliyofika, mtu mmoja alifika mara 19. Jina lake la ng'ambo lilikuwa Singasinga Arukaye, nalo ni jina la sifa, lakini kwa maoni ya fundi halikumfaa. Anayeruka huanguka. Huyu alikuwa mtu wa kufika.

Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari yenyewe ilikuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, nayo ilirudishwa mwaka 2021, safari hii katika njia zilizofungwa kwa ajili ya mashindano, kandokando ya Naivasha. Barabara yetu ya kutoka Himo mpaka Mwika nayo imewekwa lami, na vijana huipita kwa pikipiki na magari kwa mwendo ambao sisi tungeuona ndotoni tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina maneno mawili ya kumalizia. La kwanza ni kwa ninyi mtakaopata matokeo yasiyowafurahisha. Msiifiche mikono yenu. Kazi mtakayopewa, iwe ya spana au ya kalamu, ndiyo hiyo itakayowafundisha kusikia. La pili ni kwa ninyi mnaoendesha, na najua ni wengi. Kabla ya kuteremka mlima huu, shukeni kwanza, fungueni kile kifuniko, mtazame. Ni kazi ya dakika moja. Mimi niliiruka dakika hiyo siku moja tu, na baba yangu mdogo akailipa kwa mguu wake mpaka kaburini.

Mungu aibariki shule yetu, na atufikishe sote salama katika mkutano ujao.